Mahujaji Waliolala: Usomaji wa Leo wa Riwaya ya Lord Jim kutoka Upande wa Abiria

Ikisiri

Kwa zaidi ya karne moja riwaya ya Joseph Conrad, Lord Jim (1900), imehakikiwa kama kisa cha kijana mmoja aliyeipoteza heshima yake baharini. Makala haya yanaisoma upya kutoka upande wa abiria mia nane wa meli ya Patna, mahujaji ambao riwaya inawaacha wamelala. Yanailinganisha riwaya na tukio la meli ya Jeddah la mwaka 1880, yanachunguza sauti zinazokatizwa barazani Bombay na kisha kule Patusan, na yanajadili kile ambacho tafsiri ya Kiswahili ingekifichua. Hoja kuu ni kwamba usingizi wa mahujaji si pambo la mandhari. Ni uamuzi wa kisanaa, na riwaya nzima imejengwa juu yake.

Utangulizi

Mwezi Agosti 1880 meli ya mvuke iliyoitwa Jeddah ilikuwa safarini kutoka Singapore na Penang kwenda Jidda, ikiwa imebeba mahujaji wapatao elfu moja. Ilipokaribia Ras Asir, ncha ya Somalia ambayo ramani za Kizungu huiita Guardafui, ilikuwa imepigwa na dhoruba kwa siku kadhaa na maji yalikuwa yameingia katika chumba cha injini. Usiku wa kuamkia tarehe 8, nahodha Joseph Lucas Clark, mkewe, msaidizi wake wa kwanza Augustine Podmore Williams na wenzao wachache waliteremka kwenye mashua wakaiacha meli. Waliokotwa na meli ya Scindia, wakafikishwa Aden, na huko wakatoa habari kwamba Jeddah imezama na abiria wake. Siku iliyofuata Jeddah yenyewe iliingia bandarini ikivutwa na meli ya Antenor, na karibu abiria wote walikuwa hai.

Baraza la uchunguzi lilikaa Aden. Cheti cha nahodha kilisimamishwa kwa miaka mitatu, adhabu ambayo hata baadhi ya Waingereza wa wakati ule waliiona nyepesi. Williams alirudi Singapore, akawa karani wa duka la vifaa vya meli, mmoja wa wale wanaokimbilia kila chombo kinachotia nanga ili wakiuzie kamba, rangi na vyakula. Kazi hiyo hiyo ndiyo anayoifanya Jim tunapokutana naye katika ukurasa wa kwanza wa riwaya. Uhusiano huu kati ya tukio na riwaya si siri. Norman Sherry aliufuatilia kwa kina katika Conrad's Eastern World (1966), na tangu hapo hakuna mhakiki makini anayeandika juu ya Lord Jim bila kuitaja Jeddah.

Jambo lililojadiliwa kidogo zaidi ni kile ambacho Conrad alikibadilisha, na nani aliyelipia mabadiliko hayo. Swali hilo linamhusu msomaji wa Afrika Mashariki kwa namna yake. Mahali Jeddah ilipoachwa ni pwani ya nchi ambayo tangu 2024 ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aden ilikwisha kuunganishwa na Zanzibar kwa meli za barua za kampuni ya British India tangu 1872. Familia ya Kihadhrami iliyoimiliki Jeddah, akina al-Sagoff wa Singapore, ilitoka katika nchi ile ile iliyowaleta masharifu na wafanyabiashara hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Conrad mwenyewe alipotumikia meli ya Vidar kati ya 1887 na 1888 alikuwa akila mshahara wa tajiri wa Kiarabu wa Singapore. Kwa hiyo bahari ya riwaya hii haiko mbali na msomaji wa Kiswahili. Ni upande wa pili wa maji yale yale.

Kutoka Jeddah hadi Patna

Tofauti kubwa kati ya tukio na riwaya inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mahujaji wa Jeddah walikuwa macho, mahujaji wa Patna wamelala.

Katika tukio halisi abiria walifanya kazi. Wakati maji yalipokuwa yakipanda walikuwa wakiyafua pamoja na mabaharia, na baada ya maofisa kuondoka waliendelea kuyafua pamoja na mabaharia wachache waliosalia, hadi Antenor ilipoiona meli yao. Walipogundua kwamba nahodha anashuka, walijaribu kumzuia. Maofisa walilieleza hilo barazani kama uasi na tishio la mauaji. Msomaji wa leo atalieleza kwa maneno mengine, kwa kuwa mtu anayemwona nahodha wake akishuka kwenye mashua usiku, huku yeye ameshika upo mkononi, hahitaji kufundishwa na mtu maana ya tendo lile.

Conrad aliyafuta yote hayo. Patna haipigwi na dhoruba ya siku kadhaa. Inapita juu ya bahari tulivu kama sahani, usiku, na kukigonga kitu kilichoelea chini ya maji. Hakuna kelele, hakuna ghasia, hakuna mkono wa abiria unaomshika ofisa yeyote. Ukuta wa chuma unaotenga vyumba vya mbele umekula kutu na unabonyea kwa uzito wa maji, na nyuma yake wamelala watu mia nane. Wazungu watano waliomo melini, ambao riwaya inasema wazi kwamba waliishi katikati ya meli mbali na shehena hiyo ya binadamu, ndio pekee wanaojua. Mashua ni saba. Jim anapiga hesabu na kuona kwamba zinatosha theluthi tu ya watu.

Sababu ya kisanaa ya mabadiliko haya inaeleweka, na wahakiki wengi wameisifu kwa haki. Dhoruba ingempa Jim udhuru. Ghasia za abiria zingempa udhuru mwingine. Conrad alitaka kumweka kijana wake mbele ya tendo tupu, lisilo na kisingizio, ili swali libakie moja tu: kwa nini aliruka? Utulivu wa bahari ndio unaoifanya hatia kuwa safi. Katika fasihi ya baharini ya karne ya 19 ni vigumu kupata ukurasa unaotisha zaidi ya ule ambamo Jim anapita kati ya waliolala, taa mkononi, akijua kwamba akipaza sauti atawaamsha wafe wakiwa macho.

Lakini bei ya usafi huo haikulipwa na Jim. Conrad alimwondolea Jim udhuru, na kwa kalamu hiyo hiyo akawaondolea mahujaji mikono. Watu walioiokoa meli yao kwa kufua maji wamegeuzwa kuwa watu waliookolewa na ukuta wa chuma na manowari ndogo ya Kifaransa. Katika riwaya hawakufanya lolote kabla ya hatari, hawakufanya lolote wakati wa hatari, na baada ya hatari hawasemi lolote. Mtu asiyeijua Jeddah anaweza kumaliza kurasa mia nne akiamini kwamba hivyo ndivyo mahujaji wanavyokuwa.

Neno moja la abiria

Si kweli kabisa kwamba hakuna abiria anayezungumza. Yuko mmoja. Jim anapokuwa akikimbilia mashua ili azikate kamba, mtu mmoja anamshika nguo na kutamka neno moja mara kadhaa. Jim anadhani anataka kupiga kelele na kuwaamsha wengine. Anampiga taa ya uso, kioo kinavunjika, mwanga unazimika. Ndipo anapoelewa kwamba yule mtu alikuwa akiomba maji. Mtoto wake ni mgonjwa na ana kiu, na abiria hupewa maji kwa kipimo. Jim anakwenda kuleta chupa yake ya maji na kumpa, kisha anarudi kwenye shughuli yake ya mashua.

Kisa hiki kinachukua chini ya ukurasa mmoja, na Jim anakisimulia kama kero iliyomchelewesha. Msomaji wa leo hawezi kukipita hivyo. Hapa ndipo mahali pekee ambapo wale mia nane wanapata uso, na uso huo unapatikana kwa kupigwa. Hapa pia ndipo riwaya inapokaribia kuyavunja masharti yake yenyewe. Abiria huyu yuko macho, ana mtoto, ana haja, na neno lake linaeleweka. Kama Conrad angemruhusu aulize swali la pili, mathalani kwa nini ofisa anakimbia na taa usiku wa manane, Lord Jim ingekuwa riwaya nyingine. Hakumruhusu. Hata hivyo hakumfuta, na hilo si jambo dogo. Mwandishi asiyewaona kabisa abiria wake asingelihitaji tukio hili, kwa kuwa hadithi ya Jim haipungukiwi kitu likiondolewa. Limo kwa sababu dhamiri ya mwandishi ilikuwa mbele ya dhamiri ya msimulizi wake.

Ni vyema kutaja hapa hukumu ya Chinua Achebe. Katika mhadhara wake wa mwaka 1975 aliishutumu Heart of Darkness kwa kuifanya Afrika kuwa jukwaa tu la kuporomokea akili ya Mzungu mmoja. Wahakiki wa Afrika Mashariki wameirudia hukumu hiyo mara nyingi, mara nyingine bila kurudi kwenye kitabu chenyewe, kana kwamba ikishatamkwa juu ya Conrad imetamkwa juu ya kila ukurasa alioandika. Lord Jim iliandikwa katika miaka ile ile, na msimulizi ni yule yule Marlow, na kwa sehemu kubwa shutuma inaingia. Lakini haimalizi kazi. Mwombaji maji anadai usomaji wa taratibu zaidi, usomaji unaouliza ni wapi hasa riwaya inafunga mlango na ni wapi imeusahau wazi.

Ushahidi uliokatizwa

Mlango mwingine ulioachwa wazi ni barazani. Waliobaki kwenye usukani wa Patna baada ya maofisa kuruka ni Wamalei wawili. Hakuna aliyewaamuru wakae, wala hakuna aliyewaambia waondoke. Walishika gurudumu. Wanapoitwa kutoa ushahidi, kijana kati yao anasema kwamba hakuwaza lolote. Mzee anasema haikumjia kamwe akilini kwamba Wazungu wanaweza kuondoka kwa kuogopa kufa, na kwamba huenda walikuwa na sababu za siri. Kisha anaanza kutaja majina: manahodha waliokufa, vyombo vilivyosahaulika, watu aliowatumikia katika miaka mingi ya bahari. Baraza linashangaa kwa muda, kisha ananyamazishwa.

Wahakiki wengi wanalisoma jibu la mzee huyu kama kinaya: uaminifu wake wa kitoto unawaaibisha mabwana zake. Usomaji huo ni halali, ila unabaki ndani ya mtazamo wa mabwana. Baharia wa miaka mingi anayetaja orodha ya manahodha mbele ya baraza hafanyi jambo la kitoto. Anatoa ushahidi wa kitaaluma. Anaeleza kipimo anachotumia kuwapima waliokimbia, na kipimo hicho ni manahodha wote aliowajua ambao hawakukimbia. Katika utamaduni wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, Waswahili wakiwamo, mtu hutambulishwa kwa vyombo alivyovipanda na manahodha aliowafuata. Baraza halikuelewa kwamba mzee yule alikuwa akijibu swali lake. Marlow hakuelewa pia. Riwaya inatuambia kwamba majina yalitajwa, ila haituandikii hata moja.

Tofauti na hapo, fikra za Brierly zimeandikwa kwa urefu. Nahodha huyu mashuhuri, mmoja wa wajumbe wa baraza, yuko tayari kutoa rupia mia mbili ili Jim atoroke na aibu imalizike. Wiki moja hivi baada ya uchunguzi kwisha anajitosa baharini kutoka meli yake. Aibu ya tabaka zima la maofisa inambebesha mzigo asioweza kuustahimili, na Conrad anaiandika kwa ustadi mkubwa. Luteni wa Kifaransa, aliyekaa saa thelathini ndani ya Patna ikivutwa, naye amepewa sura nzima, na katika sura hiyo anapata nafasi hata ya kulalamika kwamba chakula hakikuwa na divai. (Msomaji mkorofi ataona kwamba ukosefu wa divai katika meli ya mahujaji ndio ushahidi pekee, katika sura hiyo nzima, kwamba abiria wale walikuwa na dini yao.)

Mbele ya uso wa msomaji wa leo

Msomaji wa 1900 alijua meli kama chombo cha maofisa. Msomaji wa sasa anaijua kwa ajali zake. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na nahodha wake akaiacha wakati abiria wengi wangali ndani. Watu 32 walikufa. Tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilizama Korea Kusini na watu 304 wakapotea, wengi wao wanafunzi wa shule moja, waliotangaziwa wabaki mahali walipo huku nahodha akiokolewa mapema. Katika eneo letu, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I ikazama kwenye mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228. Sababu za ajali hizi si moja, na si haki kuzifunga zote katika fungu la manahodha waliokimbia. Kinachozifanya zihusike hapa ni swali ambalo jamii ziliuliza kila mara: walikuwamo wangapi, na ni akina nani? Baada ya Spice Islander swali la idadi lilibishaniwa kwa muda mrefu, kwa kuwa chombo kilipakia watu kupita uwezo wake na orodha haikulingana na waliopanda.

Mtu aliyelipitia swali hilo akifungua Lord Jim anakuta meli ya abiria mia nane, namba ya mviringo isiyo na orodha. Patna inapofikishwa Aden, mahujaji wanatoweka kwenye hadithi. Hatuambiwi kama walifika Makka, wala kama waliohojiwa walikuwapo, wala kama yule mtoto mgonjwa alipona. Uchunguzi wa riwaya unawauliza maofisa juu ya maofisa. Riwaya yenyewe, kwa sura thelathini na zaidi zinazofuata, inaendelea kumuuliza Jim juu ya Jim.

Kwa upande huu Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) inaweza kuwekwa mkabala na Lord Jim kwa manufaa, japo haiko baharini bali bandarini. Shehena ipo, meli za wageni zipo, nidhamu ya kazi ipo. Lakini anayebeba ndiye mwenye jina, Rashidi, na hadithi inatembea kwa miguu yake hadi kwenye mgomo wa 1948. Kama kazi ya sanaa, Kuli haina undani wa kisaikolojia wa Conrad, na si lazima mtu ajifanye kwamba unao. Ina kitu kingine: inajua kwamba anayebeba mzigo anawaza.

Sauti ya Jewel

Nusu ya pili ya riwaya, inayotokea Patusan, imelalamikiwa tangu ilipotoka kwamba ni dhaifu na ya kimahaba. Malalamiko hayo yana ukweli. Jim, mtoro wa Patna, anageuka kuwa mlinzi wa watu wa msituni, nao wanampa heshima aliyonyimwa na wenzake. Ni ndoto ile ile aliyoiota alipokuwa kijana, kijana ambaye, kwa maelezo ya riwaya, aliingia ubaharia baada ya kusoma vitabu vyepesi vya likizo. Kisha Brown, haramia, anafika. Jim anamwamini, anawashawishi watu wamwachie njia, na Dain Waris, mwana wa Doramin, anauawa pamoja na wenzake. Mara ya pili uamuzi wa Jim unalipiwa na watu wengine. Anakwenda kwa Doramin kupigwa risasi, na Marlow anakisoma kifo hicho karibu kama ushindi.

Ila kuna mmoja asiyekubali. Jewel, aliyeishi na Jim kama mkewe, anamtaka apigane au akimbie, alimradi asimwache. Anapomwacha, hamsamehi. Marlow anajaribu kumweleza, na baadaye Stein anajaribu, wala maelezo yao hayamwingii. Kwake jambo ni jepesi kutamka: alisema hataondoka, akaondoka. Wahakiki wengi humwona Jewel kama mwanamke asiyeelewa ukubwa wa maadili ya mwanamume. Msomaji anayewakumbuka mahujaji ataona kinyume chake. Jewel anasema kile ambacho sitaha ya Patna haikupewa nafasi ya kukisema. Yeye ni abiria aliyeamka. Kwa sababu hiyo nusu ya pili, pamoja na udhaifu wake wote, haiwezi kukatwa na kutupwa kama wengine walivyopendekeza. Bila Jewel riwaya ingebaki na maofisa peke yao wakihukumiana.

Bwana Jim: suala la tafsiri

Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikiidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, na tangu hapo mjadala wa kazi zipi za dunia zifasiriwe kwanza umepata uzito wa kisera. Ni vizuri kukumbuka tulikoanzia. Miongoni mwa riwaya za baharini zilizotangulia kuingia katika Kiswahili wakati wa utawala wa Waingereza ni Treasure Island ya Stevenson, iliyoitwa Kisiwa chenye Hazina na kusomwa shuleni. Ni hadithi nzuri. Lakini ni ya jamii ile ile ya vitabu vilivyomtia Jim kichaa cha ushujaa. Wanafunzi wetu walipewa ndoto na hawakupewa kitabu kinachoichunguza ndoto hiyo. Sababu hiyo ingetosha kuiweka Lord Jim katika orodha, ila zipo na za kilugha.

Jina lenyewe ni mfano. Watu wa Patusan humwita Jim "Tuan", na Conrad akalifasiri kwa "Lord", neno lililomletea msomaji wa Kiingereza harufu ya mabwanyenye na labda ya Mungu. Kiswahili kina "Bwana". Neno hili, kama Tuan, ni la adabu ya kila siku, na papo hapo ni la ukubwa na la historia ya utwana na ukoloni. "Bwana Jim" ingeturudisha karibu zaidi na kinywa cha Patusan kuliko Kiingereza chenyewe, na ingemlazimisha msomaji ajiulize kila ukurasa ni ubwana wa aina gani unaozungumziwa.

Gumu zaidi ni kauli ambayo Marlow huirudia juu ya Jim kwamba ni "mmoja wetu". Mfasiri ana njia mbili. "Mmoja wetu" ni sahihi na ni kavu, inatenga walio ndani na walio nje kama Marlow anavyotenga. "Mwenzetu" ina joto, na katika mazungumzo ya kawaida hutumika pia kwa aliyekosea, kwa huruma au kwa kejeli: mwenzetu ametuponza. Tatizo ni kwamba "mwenzetu" ikitoka katika kinywa cha Kiswahili inamkaribisha msomaji ndani ya ule "sisi", na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa kwa Marlow "sisi" haikuwahi kuwajumuisha wale mia nane. Makala haya yanaona kwamba "mmoja wetu" ni bora, hasa kwa sababu ya ubaridi wake.

Kwa tendo la Jim, Kiswahili kina kitenzi ambacho "kuruka" hakikifikii: kuchupa. Jim hasimulii akiruka. Anasimulia akiwa tayari yuko ndani ya mashua, kana kwamba tendo limefanyika bila mtendaji. "Nilikwisha kuchupa" inaweza kulibeba pengo hilo kwa ukamilifu, kwa kuwa inatamka mwisho wa tendo bila kulionyesha likitendeka.

Msamiati wa chombo nao haupaswi kutafutwa katika kamusi za Kiingereza. Msomaji wa London alihitaji kuelezwa maana ya serang. Mswahili ana serahangi, na mwaka 1902 Conrad aliandika The End of the Tether, ambamo serang ndiye macho ya nahodha aliyepofuka. Nahodha, sukani, tezi, omo, ngama, upo, kufua maji: maneno haya yako hai katika vinywa vya mabaharia wa Lamu, Pemba, Mafia na Kilwa, na mengine yanazeeka pamoja nao. Taasisi zinazosimamia istilahi katika nchi wanachama zimefanya kazi kubwa katika sheria, elimu na teknolojia, na bahari imebaki nyuma. Mradi wa kufasiri riwaya kama hii, ukiwahusisha mabaharia hao tangu rasimu ya kwanza, ungezaa faharasa ambayo mamlaka za usafiri wa majini zingeweza kuitumia katika matangazo ya usalama na katika mafunzo. Abiria anayepewa maelekezo ya dharura kwa lugha ya vitabu isiyosemwa na yeyote kwenye sitaha hatakuwa salama zaidi ya aliyeachwa alale.

Toleo hilo la Kiswahili lisiishie kwenye riwaya. Liambatanishwe na maelezo ya tukio la Jeddah na muhtasari wa uchunguzi wa Aden, yakiwekwa mbele ya sura ya kwanza wala si mwishoni, ili msomaji aingie Patna akijua tayari ni nani waliokuwa wakifua maji katika meli ile nyingine. Na pale mzee wa Kimalei anapoanza kutaja majina barazani, mfasiri aache tanbihi inayosema kwamba Conrad hakuyaandika.